Siku tatu za yoga, na uongo niliomwambia Tabitha

Jumanne, jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na barabara ya hapa Buluk, Juba, imekuwa uji. Fundi wangu ameshaenda nyumbani, cherehani zimefunikwa, na mimi nimekaa dukani kwangu kwenye kiti cha wateja nikisikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Mwili wote unaniuma. Mapaja, mgongo, hata vidole vya miguu. Hiyo ni kazi ya yoga.

Nilirudi jana. Nililipa pesa ambazo zingenipeleka Kampala kwa ndege na kunirudisha, ili nilale siku tatu kando ya Nile kwenye hema linalovuja, nikinyweshwa supu ya dengu isiyo na chumvi. Hilo ningeweza kuliandika kwa utani, watu wakacheka, tukamaliza. Lakini nimekaa hapa kuandika jambo lingine, nalo halichekeshi.

Mimi ni mtu mwenye wivu.

Nimeshaandika. Sasa niendelee.

Lazima nianze na Poni. Poni na mimi tulikulia Arua, huko wazazi wetu walikokimbilia wakati wa vita, na baadaye tukapelekwa shule moja ya bweni kule Kitale. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Kiswahili tulikipata huko. Tuliporudi Juba tukakifanya lugha yetu ya siri. Kanisani, kwenye misiba, mbele ya shangazi zake waliobaki hapa miaka yote, tulisengenya watu kwa Kiswahili tukiwa na nyuso za heshima kabisa. Kwa miaka ishirini hakuna aliyehitaji kuuliza rafiki wa Keji ni nani. Keji ni mimi.

Halafu akaja Tabitha.

Tabitha ni Mkenya, mtu wa Bungoma, anauza nguo za watoto pale soko la Custom. Poni anafanya kazi ofisi moja inayoshughulikia karatasi za biashara, na siku Tabitha alipokwama na karatasi za duka lake, Poni alimwonyesha aanzie dirisha gani. Ndivyo walivyojuana. Mwanzoni niliona ni wema wa kawaida tu. Baadaye kila mazungumzo yetu yakaanza kuwa na "Tabitha anasema". Tabitha anasema nywele hizi zinakufaa. Tabitha anasema chai ikitiwa tangawizi haichoshi.

Na Kiswahili chake. Sisi wawili tunachechemea, tunachanganya na Kibari na Kiarabu cha hapa Juba, tunakwama katikati ya sentensi na kucheka. Tabitha anakiongea kama anavyopumua. Lugha niliyodhani ni chumba chetu cha siri, kumbe yeye ndiye aliyezaliwa ndani yake. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba hilo lilinichoma.

Kiangazi kilichopita Poni alikuja hapa dukani, akasimama mlangoni. Aliniambia kuna kambi ya mapumziko mtoni, siku tatu, mnafanya yoga, mnalala, hakuna simu. Akaniuliza kama ningependa twende. Nilikuwa na pini mdomoni na rundo la sare za shule mbele yangu. Nilimjibu bila kuinua kichwa, "Hayo ni mambo ya makawaja, hao Wazungu wa mashirika. Mimi nina sare za kumaliza."

Akasema sawa. Akaenda na Tabitha.

Picha ziliingia kwenye simu yangu siku waliyorudi. Wamekaa kwenye mikeka, wamevaa nyeupe, mto umelala nyuma yao, miti ya mivumo imesimama ng'ambo. Nyingi zilikuwa picha za kawaida za watu wanaojifanya watulivu. Moja tu haikuwa hivyo. Katika hiyo wamelaliana mabegani wakicheka, midomo wazi, mpaka pengo la Poni la jino la pembeni linaonekana. Poni haonyeshi lile pengo. Hucheka akiwa ameweka mkono mdomoni. Mimi nimeliona kwa sababu nilikuwepo siku jino linang'olewa.

Niliitazama picha ile kazini, jikoni, njiani. Siku moja niliitazama pasi ikiwa juu ya kola ya mteja, nikaiunguza.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Custom kununua zipu. Tabitha aliniona, akaniita, akanisogezea kigoda na kunimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Aliniambia kwamba yeye na Poni wanataka kurudi kambini msimu huu wa mvua, nyasi zikiwa kijani. "Na wewe pia uje, Keji," alisema.

Alisema kwa moyo mzuri. Niliuona moyo wake usoni. Lakini ile "na wewe pia" iliniingia vibaya. Yeye ndiye anayenikaribisha. Mimi ndiye mgeni kwa Poni.

Niliweka kikombe chini nikasema, "Poni ananiambia umemng'ang'ania. Anasema nyinyi Wakenya mnamhitaji mtu mpaka karatasi zitoke, basi."

Poni hajawahi kusema hivyo. Hajawahi kusema kitu kama hicho juu ya mtu yeyote, hata juu ya watu waliostahili.

Tabitha alikuwa anakunja gauni la mtoto. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Sawa," alisema. Kisha akakifunga kifuniko cha chupa ya chai.

Nilinunua zipu zangu nikaondoka.

Toka siku ile Tabitha hakupokea simu ya Poni. Poni akaja hapa, akakaa kwenye kiti hiki hiki nilichokikalia sasa, akalia. Alisema hajui amemfanyia nini mwenzake. Nilimpa kitambaa afute uso. Nikamwambia watu wa biashara ndivyo walivyo, leo wako, kesho hawako. Alikuja jioni tatu wiki ile, na jioni zote tatu nilifunga duka mapema ili tukae.

Nilikuwa na furaha. Naliandika hilo ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliteseka. Nilikuwa na furaha kwa siku kama nne.

Kisha ikaanza kuharibika, kwa sababu Poni hakuwa na habari nyingine. Ilikuwa Tabitha, Tabitha, na ile kambi. Jinsi walivyokula. Jinsi walivyolala. Nilikaa nikimsikiliza nikajua kwamba nimemwondoa Tabitha kwenye kiti lakini kiti bado ni chake. Nikaamua kwenda kambini mwenyewe, bila kumwambia mtu. Nilitaka nirudi nikiwa na kitu walichokuwa nacho wao. Sikujua ni kitu gani. Nilidhani kinauzwa.

Ijumaa gari la kambi lilituchukua mjini, wageni saba. Sita walikuwa makawaja wa mashirika na mmoja mimi. Kwenye tangazo mto ni wa buluu. Msimu huu mto ni wa rangi ya chai ya maziwa na unabeba visiwa vya magugu. Hilo si kosa la mtu. Lakini jenereta lilikuwa limewekwa nyuma ya jukwaa la yoga, hatua kumi hivi, na mwalimu, kijana mmoja mwembamba aliyefika amechelewa kwa sababu gari lake lilikwama kwenye matope, alituambia tufumbe macho tusikilize mto. Tulisikiliza jenereta kwa saa nzima.

Kuoga ni kwa ndoo. Walituambia ni ili turudi kwenye maisha ya asili. Mimi nimeoga kwa ndoo utoto wangu wote na hakuna aliyewahi kunidai pesa. Chai haina sukari. Dengu asubuhi, dengu mchana. Chandarua changu kilikuwa na tundu linalopitisha ngumi. Hema lilikuwa limefumuka pembeni ya zipu, mshono wa kivivu, uzi mwembamba, na usiku wa kwanza maji yalinilowesha miguu. Jumamosi asubuhi nilitoa sindano yangu kwenye mkoba nikaushona upya mimi mwenyewe. Ndiyo saa pekee niliyojisikia vizuri.

Kwenye yoga mwalimu alisema tuvute pumzi, kisha tuachilie kila kitu ambacho si chetu. Nilivuta. Nilipofika kwenye kuachilia, meno yakakazana. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu ambaye alilala usingizi kabisa, akikoroma, na hakuna aliyemwamsha. Nilimwonea wivu huyo naye. Nilimwonea wivu kwa usingizi wake. Nilikuwa nimefika mahali ambapo naweza kumwonea wivu mtu kwa kukoroma.

Mchana wa Jumamosi mvua ilikatiza somo. Wengine wakaenda kwenye mahema yao, mimi nikakimbilia jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto. Jiko lao ni rakuba tu, nguzo na makuti juu. Mpishi ni mama mmoja kutoka Gulu, anaitwa Mama Apio. Alikuwa anasonga posho, ugali wa mahindi, kwa ajili ya wafanyakazi. Alinitazama miguu yenye matope, akanisogezea jiwe nikae, akanipa sahani ya posho na maharagwe. Yenye chumvi. Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni.

"Wewe iko mtu ya hapa Juba," alisema. "Watu ya hapa hawakuji sana. Mimi naona makawaja tu."

Nilimwambia nimesikia habari za kambi kutoka kwa marafiki.

"Kulikuja wasichana wawili ile kiangazi," alisema. "Moja ya Juba, moja ya Kenya. Hao walinisumbua sana." Alisema hivyo akitabasamu. "Upepo ilikuja, ikaangusha hema juu yao. Sisi tunakimbia kutoa hao, tunafikiri wameumia. Tunakuta wanacheka. Tunavuta hema, wao wanaivuta ndani. Hawataki kutoka."

Niliuliza kama walipenda yoga.

"Yoga gani? Hawakumaliza hata moja. Siku zote walikuwa hapa na mimi. Wanapika, wanakula posho, wanaharibu moto yangu. Mwalimu anakuja kuita, wao wanajificha huko nyuma ya kuni."

Nilikaa na kijiko mkononi. Basi hakikuwa kitu cha kambi. Dengu zilikuwa zile zile, jenereta lile lile, hema pengine lile lile. Walikuja mahali pabaya kama nilivyokuja mimi, na wakafurahi.

Nilitaka habari iishie hapo. Mama Apio ndiye aliyeendelea.

"Walisema watarudi na mwenzao ya tatu. Huyo ni fundi ya nguo. Alikataa kukuja. Ile mwenye pengo kila saa anasema, 'Angekuwa huyo hapa, angeshona hii hema.' Mpaka ile ya Kenya anamwambia, 'Basi nenda ukamlete, tumechoka kusikia.' Wewe unajua wao?"

Nilisema nawajua.

"Sasa wao iko wapi?"

Nilisema moshi umeniingia machoni, na kweli ulikuwepo moshi.

Miezi yote hiyo nilikuwa nikiitazama picha ile kama mtu aliyefungiwa mlango. Kumbe nilikuwa ndani. Walinitaja hadi wakachoshana. Na aliyechoka kunisikia ndiye yule aliyeniambia "na wewe pia uje", naye nikamlipa nilivyomlipa.

Nitasema na hili, maana nimeahidi kuandika ukweli: hata hapo, nikiwa na aibu yote hiyo, nilimwonea wivu Mama Apio. Yeye aliwaona chini ya hema. Mimi nilisimuliwa.

Jana asubuhi gari liliturudisha mjini. Sikwenda nyumbani. Nilichukua boda hadi Custom na mkoba wangu wenye nguo mbichi.

Tabitha alikuwa na mteja. Nilisubiri mpaka mteja akaondoka. Kisha nikamwambia, nikiwa nimesimama, kwamba Poni hakusema maneno yale. Niliyatunga mimi. Nilisema niliona wivu.

Hakuuliza wivu wa nini. Alipanga soksi za watoto kwenye kamba, moja moja, muda mrefu.

"Unajua kwa nini niliamini haraka?" alisema mwishowe. "Kwa sababu ndicho kitu nilichokuwa naogopa tayari. Mtu ukikaa kwa watu, unaogopa hicho kila siku. Unaogopa kwamba wanakuvumilia tu. Wewe ukaja ukanisomea hicho hicho."

Nilisema malesh. Hilo ndilo neno lililokuja, la hapa Juba, la kuomba radhi mtu ukimkanyaga njiani. Lilikuwa dogo sana na nililisikia lilivyo dogo.

"Umwambie Poni mwenyewe," alisema. "Mimi sitakubebea."

Chupa ya chai ilikuwa pale chini. Hakuigusa.

Leo mchana, kabla ya mvua, nilikwenda mtaa wa Hai Jalaba. Poni huenda nyumbani kwa mama yake huko saa ya chakula. Nilimkuta uani akichambua mchele kwenye ungo. Aliniona, akafurahi, akaniuliza nilikuwa wapi, simu haipatikani tangu Ijumaa. Nikamwambia kila kitu kwa mpigo mmoja kabla sijapoteza ujasiri. Custom, zipu, maneno niliyosema, maneno ambayo hakuyasema.

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Kisha vikasimama.

"Wiki tatu," alisema.

"Wiki tatu."

"Nilipokuwa nimekaa dukani kwako nikilia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanipa kitambaa."

Niliitikia kwa kichwa.

Mama yake aliita kutoka ndani kwa Kibari, akiuliza ni nani amekuja. Poni alinitazama. "Ni Keji tu, mama," alisema.

Sijui kama alikusudia. Hivyo ndivyo wanavyosema kwao ninapoingia, tangu zamani, kama mtu anavyosema ni upepo tu umesukuma mlango. Nilikaa chini kando ya ungo.

Na kwa kuwa sikujua jinsi ya kuondoka, wala jinsi ya kubaki, nilianza kumsimulia kambi. Nilimwambia nimetoka huko. Nilimwambia kuhusu ndoo ya asili, kuhusu kusikiliza jenereta, kuhusu mama aliyekoroma wakati sisi tunaachilia yasiyo yetu. Niliona mdomo wake unacheza pembeni. Aliuziba kwa mkono.

"Usinichekeshe," alisema. "Nimekukasirikia."

"Najua."

"Hujui. Hata mimi sijajua kiasi gani." Aliinua ungo, akaupepeta mara mbili, makapi yakaruka upande wangu. "Ulienda peke yako?"

"Peke yangu."

"Mahali pabaya vile, ukaenda peke yako." Alitikisa kichwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwonea mwingine huruma bila kutaka. "Nilikuja mpaka mlangoni kwako kukuita, Keji. Hukuinua hata kichwa."

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Alisimama kuingiza mchele, na mimi nikasimama kumsaidia, lakini alinizuia kwa kiganja.

"Nenda. Leo sitaki kukuona. Jumamosi mama ana wageni, kuna mboga nyingi za kukata. Uje. Nitakuwa bado nimekasirika, lakini uje." Alifika mlangoni, akageuka. "Na Tabitha nitamwita."

Nikasema nitakuja.

Nilitembea kutoka Hai Jalaba mpaka hapa chini ya mvua, viatu mkononi. Sikutaka boda. Nilitaka njia iwe ndefu. Ningependa kuandika kwamba nilitembea nikiwa mwepesi, mtu aliyetubu, mtu aliyejifunza kuvuta pumzi. Haikuwa hivyo. Poni aliposema "Tabitha nitamwita", kitu cha kwanza kilichokuja hakikuwa furaha wala shukrani. Kilikuwa kichomo kile kile, kidogo, chini ya mbavu. Baada ya yote haya. Baada ya kuona nilichofanya.

Kwa hiyo sijapona. Nadhani sitapona kwa wiki moja, wala kwa kambi, wala kwa kuandika.

Lakini kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya akiwa bado na maumivu yake. Jumamosi ninaweza kuwahi kufika. Ninaweza kukaa upande ule ule na Tabitha, si kati yake na Poni. Wakianza kusimuliana kitu ambacho sikuwepo, ninaweza kutulia nikate mboga.

Na Tabitha akiniangalia, je, nitaweza kumuuliza habari za duka lake, kisha nikasubiri jibu mpaka mwisho?